Wambui, pawasoo ngoja kwanza, nunua kamba

Wambui, mama yangu (najua hupendi nikuite hivo mbele ya watu lakini jina ni la mama yangu, utafanya nini),

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili. Unasema chama wamekutolea elfu themanini na unataka uache kazi ya hadiwea hapo Rongai, ununue pawasoo ya Stihl (ule msumeno wa injini) uanze kukata miti kama mimi, alafu unauliza "Baba, kuna kitu ingine nitahitaji, na askari wa kanjo watanisumbua?" Sikukujibu hapo hapo juu hiyo si maneno ya kujibu nikiwa kwa matatu, nimekaa leo niandike polepole.

Pawasoo usinunue. Ngoja, usikasirike, sijasema usifanye kazi, nimesema usianze na pawasoo. Kila kijana hapa Kawangware anadhani kazi ya miti ni ile mashine, ananunua, wiki ya kwanza anajipiga picha nayo, wiki ya pili anapanda mti na kamba ya manila ile ya buluu mnauza kwa mita hapo dukani kwenu. Hiyo kamba ni ya kufunga ng'ombe na mizigo. Haijatengenezwa kubeba mtu, jua inaikausha, na ikisuguana na gome inapata joto inayeyuka kidogo kidogo mpaka inakatika na hujui. Kamba ya kupandia ni unene wa milimita 11 mpaka 13, haivutiki sana, na iwe ndefu juu inazunguka tawi inarudi chini kwako, kwa hivyo mti wa mita 20 unataka kamba ya zaidi ya mita 40. Hapo ndio pesa ya chama iende kwanza: kamba, hanesi ya miti (mikanda ya kuvaa mwilini, si ile ya wajengaji, hiyo inashika mgongoni na hapa tunataka ishike kiunoni ndio ukae ukifanya kazi), karabina (zile pete za kuunganisha kamba) za chuma au alumini zenye zinajifunga, helmeti yenye wavu wa uso na vifunika masikio, glavu, buti. Kitakachobaki tutaona.

Kupanda kwenyewe nitakuonyesha, lakini ujue hivi. Unarusha kwanza kamfuko kadogo kazito kamefungwa uzi mwembamba, kakipita juu ya tawi ulilochagua uzi unavuta kamba. Alafu unafunga fundo la prusik, hilo ukiliachilia uzito linashika kamba lenyewe na ukilisukuma na mkono linateleza, ndio unaenda juu bila mtu kukuvuta. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kangemi kwa mkaratusi, alinifanya nifunge hilo fundo macho yamefungwa siku nzima kabla aniruhusu nitoe miguu chini, na siku hiyo nilimchukia sana. Yale makucha ya chuma ya kufunga miguuni ni ya mti unaangushwa pekee. Mti unaokatwa matawi tu unabaki hai, na kila hatua ya makucha ni shimo kwa gome, maji na ugonjwa vinaingia hapo. Ukiona mtu anapanda mjakaranda wa mtu na makucha ati anaupunguza, huyo si fundi.

Na ukiwa juu na pawasoo imewaka unafungwa mahali mbili, kamba yako na ingine fupi inazunguka shina, juu cheni ikigusa kamba moja kwa bahati mbaya ile ingine ndio itakurudisha nyumbani. Mikono yote miwili kwa mashine, kila wakati, hata kama unaona ni katawi kadogo. Ncha ya juu ya baa, ile chuma ndefu cheni inazungukia, ikigusa mti mashine inaruka nyuma kwa uso. Kuna suruali maalum, ndani iko na nyuzi nyingi ndefu, cheni ikiigusa nyuzi zinatoka zinajizungusha kwa gia na mashine inasimama. Ni bei lakini mguu ni bei zaidi. Kazi nyingi ya kupunguza mti hata hivyo naifanyanga na msumeno wa mkono ule umepinda, ndio maana nakuambia pawasoo ingoje.

Sasa nikuambie kitu sikuwahi kukuambia. Unakumbuka ukiwa Form Two, 2014, ulirudishwa nyumbani ukakaa wiki mbili na nikakuambia pesa ya kontrakta imechelewa? Haikuchelewa. Nilikuwa nimekata tawi la mjakaranda Kileleshwa, tawi nene kama paja, nilikuwa na haraka nikakata kutoka juu moja kwa moja karibu na shina. Tawi likiwa limekatika nusu likaanguka na uzito wake, likararua gome mpaka chini kwa shina kama unachuna mbuzi, likabembea na likakuja kwa mabati ya gereji na kioo cha mbele cha gari. Nililipa yote mawili. Karo yako ya shule iliishia kwa kioo. Mti wenyewe nao ulioza ule upande.

Tawi linakatwa mara tatu, shika hiyo. Kwanza unakata kutoka chini, kama futi moja hivi mbali na shina, usiingie sana, theluthi tu. Alafu unasonga nje kidogo unakata kutoka juu, tawi linaanguka, likijaribu kurarua linafika kwa ule mkato wa chini linakoma. Unabaki na kisiki kifupi, hakina uzito, ndio sasa unakikata cha mwisho. Na hapo uangalie vizuri: pale tawi linatoka kwa shina kuna uvimbe kama kola ya shati, gome limejikunja kunja. Hiyo kola haiguswi. Unakata nje yake tu, si kulamba shina likawe laini na si kuacha kijiti cha kutundika kofia. Kola ndio inafunika kidonda, ukirudi baada ya mwaka unaona duara la gome jipya limeanza kuingia ndani pande zote. Mambo ya kupaka rangi ama lami hapo achana nayo, mti unajifungia wenyewe kutoka ndani, rangi inafurahisha mwenye nyumba tu.

Kastoma watakuambia "kata kichwa chote, unatisha." Usikate kichwa. Mti unachipuza vijiti vingi vimeshikwa juu juu, miaka michache ni vizito na upepo wa kwanza unavitoa. Ati lakini huko Murang'a wanakata mgrivilia kila mara na unaendelea, ni kweli, hiyo ni ya shamba, wanarudi kuvuna kuni na chini hakuna gari ya mtu.

Kabla upande zunguka mti. Gonga shina na nyundo ya mbao, ikilia kama ngoma ndani kuna tundu. Angalia uyoga mgumu ule kama rafu ukitoka chini kwa mizizi, angalia kama udongo umepasuka upande mmoja, uliza kama kuna mtu amechimba mtaro wa fiba ama ameweka kabro hivi karibuni, juu wanakatanga mizizi na hakuna mtu anasema. Hiyo mvua ya Aprili na Mei 2024 karibu kila mti nilioitiwa umeanguka ulikuwa na mizizi iliyokatwa upande mmoja. Na uangalie stima. Ile laini ya waya tatu huko juu mara nyingi ni volti 11,000 na mti mbichi unapitisha, si lazima ushike waya. Kama matawi yako karibu, Kenya Power wazime kwanza, kama hawajazima unarudi nyumbani hata kama kastoma analia.

Kuhusu kanjo, ndio, watakusumbua kama huna karatasi, na wako sawa. Hapa Nairobi hata mti wa ndani ya kompaundi ya mtu unaombewa kibali kaunti kabla ukatwe: barua, picha, sababu, ofisa anakuja kuangalia, na mara nyingi anataka kujua utapanda nini pahali pake. Ule uko nje ya geti kwa barabara si wa mwenye nyumba hata kama babake ndio aliupanda. Kuna mtu aliniambia "kibali kiko, kiko kwa gari ya madam", nikaanza. Hakikuwa. Mimi ndio nilikuwa juu ya mti na mashine, mimi ndio nililala seli. Sasa sipandi kabla nishike hiyo karatasi na mkono na nipige picha kwa simu. Ukibeba magogo barabarani kwa pikap pia kuna karatasi ya watu wa Kenya Forest Service. Na mti wa mugumo usiitikie haraka, wazee wanauheshimu, na uliona 2020 wakijenga Expressway ule wa Waiyaki Way pale Westlands, rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alitoa amri usiguswe na barabara ikaupisha.

Ukiandika vijana kazi, sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya mtu akiumia kazini, inakutaka uwe na bima yao. Tia hiyo kwa bei yako tangu siku ya kwanza, wenye hawana watakupiga bei chini lakini waache.

Kama msichana anaweza hii kazi, hiyo hujauliza lakini najua unafikiria. Utaweza. Mtu mwepesi anafika kwa matawi mimi siwezi tena na hizi kilo zangu.

Jumamosi saa moja asubuhi niko na mgrivilia Loresho, kibali kiko. Utakuwa chini ukishika kamba ya kushushia magogo, tunaizungusha kwa shina mara tatu ndio mtu mmoja anaweza kushikilia gogo zito. Kuja na buti, si raba. Na mama yako usimwambie bado, nitamwambia mimi.

Babako