Shotigani inayojipakia: ya gesi au ya teke?

Shotigani ya babu pale Mafinga ilipasuka mbao ya mbele, ile unayoishika kwa mkono wa kushoto, na sote tukasema ni uzee. Kumbe tuliisingizia. Ni Browning Auto-5, muundo ulioanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902. Ukifyatua, mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, na ndani ya ile mbao kuna springi na pete ya chuma ya kuupunguzia kasi. Ukitumia risasi nzito, pete inakaa mbele ya springi ili mtutu ubanwe. Ukitumia nyepesi, unaishusha nyuma ya springi ili mtutu uteleze. Baba mdogo, aliyeirithi na kuikatia leseni yake, alipata boksi la risasi nzito wakati pete imekaa kwa nyepesi. Alifyatua tatu tu. Bega lilivimba siku nne, na mbao ikafunguka kama muhogo uliochemka.

Nina miaka 11 kwenye ulinzi: kwanza maghala ya mpunga huko Usangu, sasa mbao na viazi upande wa Makete. Kabla ya hapo, JKT walinifundisha kufungua na kufunga SMG, ile ya ukoo wa AK-47, hata gizani. Basi mtu akianza mchakato wa leseni, lazima anipigie: kaka, nichukue ipi? Nami humuuliza kwanza nani ataisafisha.

Bunduki inayojipakia lazima ipate mahali nguvu ya kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ya gesi ina tundu dogo kwenye mtutu. Risasi ikishalipita, gesi kidogo ya baruti inaingia humo, inasukuma pistoni, pistoni inaisukuma bolti nyuma. SMG tuliyofundishiwa inafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Raha yake utaisikia begani: teke halikujii lote kwa mkupuo, linasambaa kidogo. Kwa mama mwenye shamba au mlinzi mwembamba, hilo si jambo dogo.

Ila gesi ile inakuja na masizi. Nikiwa Usangu, kiangazi, tulikuwa na shotigani ya gesi ambayo mwenzetu wa zamu alikuwa anaipenda kupita kiasi. Kila Jumamosi aliijaza mafuta hadi yakachuruzika kwenye kitako. Vumbi la barabarani na pumba za mashine ya kukoboa vikanasa humo, vikachanganyika na masizi. Siku ya mazoezi ilitoa risasi moja, bolti ikaishia katikati, ganda limening'inia nje. Tulipofungua, pistoni ilikuwa imevaa tope jeusi gumu kama ukoko wa sufuria. Pistoni ya gesi isuguliwe mpaka ing'ae, kisha ipakwe mafuta kiasi cha kupitisha kitambaa tu. Sehemu ya vumbi, heri ikauke kidogo kuliko kulowana.

Ya teke ni habari nyingine. Namaanisha zile ambazo Benelli wa Italia walizipatia jina. Mtutu hauna tundu na, tofauti na ya babu, hauendi popote. Bunduki nzima inaruka nyuma, na kipande kizito cha bolti kinabaki pale pale kwa uzito wake, kama abiria wa daladala lililoondoka ghafla. Springi kali iliyo katikati inabanwa, halafu inajifyatua na kuitupa bolti nyuma. Gesi karibu yote inatokea mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo ndani kunabaki kusafi. Kwa baridi ya Makete, ambako mafuta mazito yanaganda asubuhi, mimi ndiyo niliyoichagua.

Nayo ilinipa aibu yake. Nilifunga tochi kubwa kwenye mtutu na mkanda wa risasi sita kwenye kitako, nikajiona kamanda. Risasi tulizokuwa nazo ni zile nyepesi za ndege, gramu 28. Nikapiga, ganda likagoma kutoka. Nikapiga tena, vile vile. Nilikuwa nimeifanya bunduki iwe nzito, hairuki nyuma vya kutosha, na isiporuka springi haibanwi. Ukiiegemeza kwenye ukuta au gogo, matokeo ni hayo hayo. Nilipovua tochi na mkanda, ikafanya kazi siku nzima.

Mpwa wangu aliye Mbeya mjini ananionyesha kwenye simu zile bastola za Marekani zenye umbo la bunduki ya kivita, mtutu kiganja kimoja au viwili. "Mjomba, hii si ndogo, nyepesi?" Ndogo ni kweli. Lakini mtutu ukifupishwa, tundu la gesi linasogea karibu na chemba, pale risasi inapokaa, ambako shinikizo ni kali, na risasi ikitoka tu mdomoni gesi inaisha nguvu. Inabidi tundu lipanuliwe, vyuma vinapigwa kwa nguvu zaidi na masizi yanaongezeka. Za milimita 9 nyingi hazina gesi kabisa, ni bolti nzito na springi tu, ndiyo maana zinapiga teke kuliko unavyotegemea kwa risasi ndogo hivyo. Na zile za ukoo wa Stoner, Mmarekani aliyebuni AR-15, zinaweka springi kwenye bomba la nyuma, hivyo huwezi kulikata wala kulikunja. Nilimwambia akamuulize ofisa wa polisi anayeshughulika na silaha kabla ya kuota zaidi.

Kama lindo ni geti na bunduki inapokezana mikono ya watu watatu, achana na yote haya, chukua shotigani ya pampu, ile unayovuta mbao ya mbele kwa mkono kila baada ya risasi. Mkono wako ndio injini yake.

Anayetaka inayojipakia, siku ya kuijaribu aende na risasi zile zile atakazotumia, na tochi ile ile atakayoifunga, apige zisizopungua 20. Ya babu ilipata mbao mpya ya mninga kwa fundi wa pale pale Mafinga. Baba mdogo ameandika kwa kalamu ya wino ndani ya kifuniko cha boksi lake la risasi: PETE MBELE.