Vidonge vya kaka na maumivu ya jino

SWALI: Daktari, juzi niling'olewa jino la mwisho, nikapewa ibuprofeni na parasetamoli. Kaka yangu alipovunjika mguu alichomwa mofini hospitalini, kisha akaandikiwa tramadoli, na vidonge vyake kadhaa vimebaki. Taya bado linaniuma. Je, siwezi kumeza hivyo, ambavyo naamini vina nguvu kuliko vyangu?

JIBU: Usivimeze. Dawa hizi hazipangwi kwa nguvu peke yake, kwa kuwa kila kundi hufanya kazi mahali pake. Jino linapong'olewa, nyama na mfupa ulioumizwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na kuifanya mishipa ya fahamu iwe nyepesi kuhisi maumivu. Ibuprofeni, sawa na diklofenaki na aspirini, huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo, jambo ambalo John Vane alilibainisha mwaka 1971. Mofini na tramadoli, ambazo ni za jamii ya afyuni, haziugusi uvimbe huo. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikififisha taarifa ya maumivu huku chanzo chake kikibaki kama kilivyo. Ndiyo maana kwa maumivu ya jino, ya hedhi, na hata yale makali ya mawe ya figo, dawa za kundi la ibuprofeni mara nyingi hulingana na za jamii ya afyuni au huzishinda.

Kaka yako hakupewa mofini kimakosa. Ibuprofeni ina kikomo: ukipita kipimo fulani unaongeza madhara bila kuongeza nafuu, ilhali mofini inaweza kupandishwa chini ya uangalizi kadiri maumivu ya mfupa uliovunjika, upasuaji mkubwa au saratani yanavyozidi. Kwa maumivu sugu ya mgongo au magoti ni habari nyingine: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliowafuatilia wagonjwa kwa miezi 12, haukuona kuwa waliotumia dawa za jamii ya afyuni waliishi vizuri zaidi kuliko wenzao waliotumia dawa zisizo za jamii hiyo, na maumivu yao yalikuwa makali kidogo zaidi.

Isitoshe, tramadoli hubadilishwa na ini ndipo ifanye sehemu kubwa ya kazi yake, na watu hutofautiana mno katika hilo, hivyo kipimo kilichomfaa kaka yako hakisemi lolote kuhusu mwili wako. Dawa za jamii hiyo hufunga choo, huleta usingizi na utegemezi, na zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi zinaweza kupunguza pumzi hadi kuua. Tramadoli yenyewe inaweza pia kuleta degedege.

Nawe usiione ibuprofeni kuwa peremende. Prostaglandini hizo hizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo, kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, hasa kuanzia wiki ya 20, asiitumie bila ruhusa ya daktari. Imeze baada ya chakula, wala usiongeze diklofenaki juu yake. Parasetamoli si ya kundi hilo, na kuzitumia pamoja kwa vipimo ulivyoandikiwa huleta nafuu kubwa kuliko moja peke yake.

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa ukali siku ya tatu au ya nne, pamoja na harufu mbaya mdomoni, huenda bonge la damu lililoziba shimo la jino limetoka. Hapo rudi kwa daktari wa meno alisafishe shimo hilo na kuliwekea dawa. Vidonge vya kaka vipelekeni kwenye duka la dawa viteketezwe.