Jibu: Nihame kutoka milimita 35 kwenda fomati ya kati?

Ndugu uliyeuliza kama uuze kamera yako ya milimita 35 ili upate pesa ya Mamiya RB67, kamera ya fomati ya kati, yaani ya filamu pana zaidi, usiuze kwanza. Mimi ninazo zote mbili, na RB hulala kabatini wiki tatu kati ya nne.

Wengi watakusifia jinsi inavyofifisha nyuma ya mtu. Hilo lisikuhadae. Lenzi ya milimita 80 yenye tundu la f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kwenye negativu ya sentimita 6x6 hufifisha karibu sawa na lenzi ya milimita 50 ya f/1.4 kwenye hiyo kamera yako. Tofauti huanza kuonekana unapoprinti. Picha ya sentimita 40 kwa 50 ukiitoa kwenye milimita 35 unaikuza karibu mara 17. Kwenye 6x7, negativu ya RB, ni mara 7 tu. Lakini kama safari ya picha zako inaishia kwenye simu, hakuna atakayejua. Niliwahi kumwonyesha mke wangu mbili kwenye simu, akachagua ile ya milimita 35.

Kinachonifanya niibebe ni jua letu la saa saba. Machi na Septemba hapa Nairobi linakaa karibu wima utosini, na kila uso unakuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Dawa yake ni flashi. Sasa, kamera nyingi za zamani za milimita 35 hazikubali flashi shata (kile kipazia kinachoingiza mwanga) ikipita kasi ya 1/60 au 1/125 ya sekunde, kwa hiyo kwa jua hilo na filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake kwa mwanga) unabanwa kwenye f/16, na flashi ndogo haifui dafu. Shata ya RB iko ndani ya lenzi, inakubali flashi hadi 1/400. Unafungua tundu mpaka karibu f/8, na flashi ileile inatosha.

Kwa njia hiyo nilimpiga picha mzee mmoja fundi wa masanduku pale Kamukunji. RB unaitazamia kutoka juu, umeinamisha kichwa, na picha inaonekana imegeuzwa kushoto kulia. Nilipokuwa nikihangaika kuipanga, mzee akachoka kunikodolea macho, akarudi kugonga bati lake. Hapo ndipo nilipobonyeza. Nilipompelekea ile ya 40 kwa 50 hakuangalia uso wake hata kidogo. Aliweka kidole kwenye ufa wa mpini wa nyundo, akacheka: “Kumbe hata huu umeuona!”

Roli ya pili ya siku hiyo niliiharibu mwenyewe. Filamu ya 120, ile inayoingia kwenye RB, haina mkebe. Imevingirishwa na karatasi, na ukimaliza unalamba gundi na kuifunga kwa kukaza. Mimi niliitia mfukoni ikalegea, mwanga ukapenya pembeni. Picha kumi zikaenda na maji. Ndiyo, kumi: 6x7 inakupa kumi tu kwa roli, wakati ya milimita 35 inakupa 36. Piga hesabu ya filamu na kusafisha kabla hujapiga hesabu ya kamera.

Na uzito, karibu kilo 2.7. Jaribu kushuka nayo matatu inayosimama kwa sekunde mbili.

Kamera za dijitali za fomati ya kati sitazisemea sana. Sensa yake (kile kinachopokea picha badala ya filamu) ya milimita 44 kwa 33 ina eneo mara 1.7 tu ya ile ya 36 kwa 24 ya kamera ndogo, wakati negativu ya 6x7 ni zaidi ya mara nne. Kwa bei zake, na kwa kazi za harusi, mimi ningebaki na ndogo na kununua lenzi nzuri.

Ukiona bado unaitaka, azima ya mtu wikendi moja, upige roli mbili, uprinti moja kubwa. Na siku ya kununua, weka shata kwenye sekunde moja, ubonyeze, usikilize. Ikikokota au ikikwama njiani, mrudishie mwenyewe, hata kama amekupunguzia bei.