Kona ya Fundi: Ukuta wa jipsamu usio na skatingi

SWALI: Ndugu mshauri, ninaishi Entebbe, si mbali na ziwa. Mwaka jana niliigawa sebule yetu kwa ukuta wa bodi za jipsamu uliojengwa juu ya fremu za chuma. Sikutaka skatingi, ule ukanda unaofunika mahali ukuta unapokutana na sakafu, kwa sababu nilikuwa nimeuona katika hoteli moja ukuta ulioshuka ukiwa safi hadi sakafuni, na ukanipendeza mno. Fundi alizishusha bodi zikagusa vigae, akaziba kwa puti na kupaka rangi nyeupe. Mvua za Aprili zilipokuja, sehemu ya chini ilikuwa imevimba na kugeuka rangi ya kahawia, na ufa mwembamba ulikuwa umepita urefu wote wa ukuta pale unapokutana na sakafu. Je, itanibidi niubomoe wote? Na ilipasa ufanywe vipi? — Msomaji, Entebbe

JIBU: Ndugu msomaji, usiubomoe. Kilichoharibika ni ukanda wa chini tu, na ukanda huo unaweza kukatwa na kubadilishwa pasipo kuugusa ukuta uliobaki.

Nadhani mvua unaisingizia kwa kiasi fulani, kwa maana mkosaji mkubwa ni deki. Bodi ya jipsamu ni jasi iliyofunikwa kwa karatasi pande mbili, na pale inapokatwa, jasi hubaki wazi. Sehemu hiyo iliyo wazi ikigusa kigae kinachopigwa deki kila asubuhi, hufyonza maji na kuyapandisha juu, kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta ya taa. Jasi hulainika, karatasi huota kuvu, na hewa ya kando ya ziwa, hasa kati ya Machi na Mei, haiipi nafasi ya kukauka. Huo ufa ni jambo jingine: sakafu na ukuta wa fremu havitikisiki kwa pamoja, na puti ikishakauka haina mnyumbuliko wowote, kwa hiyo hupasuka hata mahali ambapo maji hayajafika. Hata hoteli uliyoiona, naamini ukiinama utakuta kwamba ukuta wake haugusi sakafu kabisa. Umeachiwa mwanya mwembamba wenye kivuli, na ni kivuli hicho kinacholidanganya jicho.

Kwa matengenezo, piga mstari ulionyooka takribani milimita 200 juu ya sakafu, au juu zaidi iwapo unyevu umepanda kupita hapo, kisha ukate bodi kwa kufuata mstari huo. Lakini kabla ya kukata, hakikisha hakuna nyaya za umeme nyuma yake. Kagua chuma cha chini kilichofungwa sakafuni, ondoa skrubu zilizoshika kutu, na uiache sehemu hiyo wazi ikauke kabisa, hata kama itachukua wiki mbili na wageni watauliza maswali. Ukanda mpya usiwe wa bodi ya kawaida. Tumia bodi inayostahimili unyevu, ambayo kwa kawaida karatasi yake ni ya kijani, au, bora zaidi kwa maoni yangu, ukanda wa bodi ya saruji yenye nyuzi, kwa kuwa huo haulainiki hata ukilowa. Unene wake ulingane na wa bodi ya zamani, ambao mara nyingi ni milimita 12.5; ukipungua kidogo, weka vibanzi vyembamba nyuma yake. Nyuma ya kiungo cha mlalo pawe na kipande cha chuma au cha plaiwudi cha kushikia skrubu za pande zote mbili, na skrubu zikae angalau milimita 15 kutoka kwenye ukingo uliokatwa, la sivyo ukingo utameguka.

Sasa tufike kwenye ukingo wa chini wenyewe, ambao ndio mtihani wa kazi yote. Skatingi husamehe mengi: sakafu iliyopinda, bodi iliyokatwa vibaya, hata fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine. Ukiiondoa, hakuna kinachofichika. Kwa hiyo anza kwa kutafuta sehemu ya sakafu iliyo juu kuliko zote kando ya ukuta huo, kwa leza au kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, na upime mwanya kuanzia hapo. Milimita 10 zinatosha kuikinga bodi, lakini iwapo sakafu yako inapanda na kushuka kwa milimita 5, ningekushauri uache 20, kwa sababu jicho hulinganisha: mwanya unaotoka 10 hadi 15 huonekana umekosewa, ilhali unaotoka 20 hadi 25 hupita bila kutambuliwa.

Kwenye ukingo huo funga kingo ya chuma iliyopakwa zinki, au ya plastiki, yenye umbo la herufi L, iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi za jipsamu. Kingo hii ndiyo inayoupa ukuta mstari ulionyooka na kuuzuia usimeguke unapogongwa na ufagio au mguu wa kiti. Ipakwe puti mara tatu, kila mara kwa kisu kipana kuliko cha awali, na kila tabaka likauke kabla ya lile linalofuata. Kisha msasa laini, praima (rangi ya kwanza ya kuandaa uso), na rangi. Uso wa chini wa ukingo, usioonekana, nao upakwe praima, kwa sababu hapo ndipo maji yatakapojaribu kuingia.

Ndani ya mwanya kitaonekana chuma cha fremu. Kipake rangi nyeusi au ya kijivu iliyokolea kabla ya kufunga bodi, maana baadaye brashi haitapenya vizuri. Pale chuma hicho kinapokutana na kigae, ziba kwa silikoni, ambayo hunyumbuka na kuzuia maji, sisimizi, na hata sauti za chumba cha pili. Ila kumbuka kwamba silikoni ya kawaida haishiki rangi, basi chagua mapema iliyo nyeusi au ya kijivu.

Mwanya huu hukusanya vumbi, na nyumba yenye watoto wadogo itaokota humo vifuniko vya kalamu kila wiki. Jikoni, na karibu na mlango unaoingiza mvua kutoka barazani, mimi nisingeufanya. Huko afadhali ukanda wa vigae au wa alumini uliozamishwa hadi ukawa sawa na uso wa ukuta. Wazo hilo si geni kwetu: nyumba nyingi za zamani zina ukanda wa saruji nyekundu chini ya ukuta, uliosuguliwa ukang'aa, na maji ya deki hayakuuweza.

SWALI: Nyumba yangu ni ya matofali na plasta ya saruji. Je, naweza kuishusha plasta moja kwa moja hadi kwenye vigae bila skatingi? — Msomaji, Jinja

JIBU: Unaweza, lakini plasta ikomee milimita 10 hivi juu ya kigae, kwenye kingo ya chuma isiyoshika kutu, na mwanya uzibwe kwa silikoni. Kwanza, hata hivyo, uchunguze ukuta wenyewe. Iwapo rangi yake hubanduka na kutoa unga mweupe karibu na sakafu, huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu kizuizi cha unyevu juu ya msingi hakikuwekwa au kimetoboka, na hapo mpigie fundi wa msingi kabla ya fundi wa rangi.