Kisima ni chako, maji ni ya wote

Shekhe, umeuliza kwa nini utoe hadharani vipimo vya maji ya kisima ulichochimba Bagamoyo kwa pesa yako. Kwanza, kisheria maji hayo si yako: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayaweka maji yote ya Tanzania Bara kuwa mali ya umma.

Lakini sababu kubwa ni chumvi. Pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Mkivuta sana, chumvi inapanda. Ukipima peke yako utaijua siku ikishafika kwenye ndoo. Vipimo vya mtaa mzima vikiwa kwenye ramani moja, mnaiona inakotokea.

Setilaiti za GRACE, zilizorushwa 2002, zilipima mabadiliko ya maji kupitia mvutano wa dunia, ila kwa maeneo ya mamia ya kilomita. Mtaa wako hazikuuona. Ndiyo maana vipimo vya visima vyenyewe vinahitajika; IGRAC, kituo cha kimataifa cha maji ya chini ya ardhi kilichoko Delft, Uholanzi, huvikusanya kutoka nchi mbalimbali na kuviweka wazi.

Hofu ya kujulikana naielewa, ila jina na simu havihitajiki hadharani. Mahali, tarehe, kina cha maji na kiwango cha chumvi vinatosha. Na pima alfajiri, kabla hujawasha pampu.