Uzito wa juu, mateke ya chini: somo la Hoost kwa mabondia wazito wa Mwanza

Kijana wa kilo 100 akiingia jimu, kitu cha kwanza anachotaka kufundishwa ni teke la kichwa. Mwache alitamani, ila asianze nalo. Mtu wa uzito huo ana pumzi ya kuhesabu, na teke la kichwa likikosa linamwacha amegeuka nusu mgongo huku ngumi ya mpinzani iko njiani. Bondia mzito wa ngumi na mateke anayetaka kudumu ulingoni ajenge kazi yake kwenye teke la paja. Mwalimu wa hilo ni Ernesto Hoost wa Uholanzi, ambaye mapambano yake yanafaa kutazamwa miguu zaidi ya mikono.

Hoost alizaliwa 1965 na kutwaa ubingwa wa K-1 World Grand Prix, shindano kubwa la ngumi na mateke la Japani, mara nne: 1997, 1999, 2000 na 2002. La mwisho alilichukua akiwa na miaka 37. Kumbuka fainali zile zilikuwa mtoano wa watu wanane usiku mmoja, hivyo anayefika mwisho anapigana mara tatu. Ukimaliza pumzi robo fainali kwa kufurahisha jukwaa, fainali utaitazama ukiwa umekaa. Ndiyo maana teke la paja lina faida: halihitaji nguvu nyingi, na anayelipokea anazidi kuchechemea kila raundi.

Siri yake ni kwamba teke halikuja peke yake. Chukulia wote wawili mmesimama mguu wa kushoto mbele. Anza na ngumi mbili za kunyoosha, kushoto kisha kulia, ili mikono yake ipande. Fuata na ngumi ya kushoto ya kuzungusha, iwe ya ini au ya taya. Ngumi hiyo inamsukuma kuelekea kushoto kwake, na uzito wake wote unashukia mguu wa mbele. Mguu uliobeba kilo 100 hauinuliki kukinga. Hapo ndipo teke la kulia linatua. Wengi wetu hukariri ngumi hizo kama wimbo, bila kujua kwamba ile ya tatu kazi yake ni kumsimika mtu pale unapotaka kumkata.

Lenga upande wa nje wa paja, kama kiganja kimoja juu ya goti. Piga kwa ugoko, sehemu ya chini kidogo ya katikati, usipige kwa wayo. Mifupa ya wayo ni midogo na huvunjika. Mguu wa kushoto ukanyage kwa nje kidogo, usimame kwa vidole, kisigino kigeuke kumwelekea mpinzani. Kisigino kisipogeuka, nyonga haifunguki, na mzigo wote unaishia kwenye goti lako mwenyewe. Teke lishuke kidogo kama panga linalokata mua. Mkono wa kulia ukishuka kusawazisha mwili, wa kushoto ubaki shavuni.

Kosa linalovunja watu ni kurusha teke hilo kutoka mbali bila ngumi ya kutangulia. Mpinzani anaona, anainua goti, na ugoko wako unagonga mfupa mgumu. Kosa la pili ni kusogea mno. Hapo unagonga kwa goti na ngumi ya kulia inakukuta umesimama mguu mmoja.

Hoost naye hakuwa hashindiki. Mwaka huohuo wa 2002 Bob Sapp, mtu wa zaidi ya kilo 150, alimshinda mara mbili kwa kumvamia moja kwa moja, ya pili ikiwa robo fainali. Sapp akaumia mkono asiweze kuendelea, Hoost akarudishwa kwenye nusu fainali badala yake, na fainali akamshinda Jérôme Le Banner kwa mateke yaliyomvunja mkono aliokuwa akikingia. Kwa hiyo ukikutana na jitu linalokuja kama lori la mchanga, usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Toka pembeni hatua moja, piga, toka tena.

Sasa begi la kupigia. Magunia ya mchanga yaliyoning'inizwa kwenye miembe ndiyo yanayoharibu magoko mengi. Mchanga unashuka chini na kugandamana, na chini ndiko teke la paja linakopiga. Kusanya vipande vya vitambaa kwa mafundi cherehani, toa zipu na vifungo, shindilia kidogokidogo kwa mti wa kutwangia. Mtu wa kilo 100 anatosheka na begi la kilo 45 hadi 50, lenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi, kitako chake kiwe sentimita 30 kutoka ardhini. Kamba nene ya nailoni ya wavuvi inafaa, ila ikague pale inaposuguana na tawi. Mwezi wa kwanza piga mateke 50 kila mguu, siku tatu kwa wiki. Mwezi wa pili 100. Kusugua ugoko kwa chupa ya soda au kujigonga kwa fimbo kunaacha uvimbe, hakuleti ugumu.

Mbio: lami haimpendi mtu mzito. Panda mlima wa Bugando kwa mwendo wa haraka, ushuke ukitembea, maana kushuka kwa kukimbia ndiko kunakokula magoti. Na baada ya mazoezi ya ufukweni, usijitose ziwani penye matete kujipoza. Kichocho kinapenya hata kwenye ngozi isiyo na jeraha.

Siku ya kupigana wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu iwe moja tu kwa wiki, glovu za aunsi 16, kinga za ugoko na za meno zikiwa zimevaliwa. Aliyeangushwa kwa pigo la kichwani apumzike walau mwezi bila kupigwa kichwani.

Paja likishapigwa, watu wetu hukimbilia maji ya moto na kukanda. Siku mbili za kwanza hilo ni kosa: damu inazidi kuvuja ndani ya msuli, na msuli uliokandwa hivyo unaweza kuota mfupa. Mwanza barafu haikosekani, wauza samaki wanayo. Ifunge kwenye kanga, kunja goti kadiri unavyoweza, weka dakika 15, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Siku ya tatu jaribu kuvuta kisigino kuelekea kalio. Goti likigoma kufika hata pembe mraba, begi lisubiri na daktari akuone.