Muulize Shangazi Fundi: Pindo lipi litauvumilia ufuaji wa bweni?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kibanda cha ushonaji hapa Morogoro, na mabaki ya vitenge yalishajaa gunia. Nimeyaunga yakatoa mfarishi wa sentimita 150 kwa 200, katikati pamba nyembamba, chini shuka la rangi ya maziwa. Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, ataondoka nao kwenda bweni. Kingo ndizo zimenikwamisha. Jirani mmoja anasema nipige ovaloki yaishe, mwingine nikanunue bayasi ya dukani, ule utepe wa kuvalisha kingo, wa tatu anataka nilikunje shuka la chini lije juu. Nimsikilize nani?
– Mama Vitenge, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tuulizane: huo mfarishi ataufua nani, na kwa namna gani? Ataufua msichana wa miaka 13 au 14, kwenye beseni, kwa sabuni ya unga. Atausugua kwa vifundo vya mikono, kisha yeye na mwenzake wataushika huku na huku na kuusokota mpaka utoe maji. Halafu waya. Hapo kinachoumia kwanza ni ule mkunjo wa ukingoni, viraka vyako vya katikati vikiwa salama kabisa.

Ovaloki isahau. Ile ni ya ndani ya gauni, kuzuia nyuzi zisifumuke. Kwenye tabaka tatu inabaki nyuzi tupu zimeushika ukingo, pamba inachungulia, na siku uzi mmoja ukinasa kwenye msumari wa kitanda, unafumuka wote.

Bayasi ya dukani imetengenezwa kwa shingo na makwapa ya nguo. Ni nyembamba, na nyingi ni laini mno. Ukiivalisha kwenye mfarishi, upande mmoja unaushika vizuri, ukigeuza unakuta mshono umepita pembeni, haukugusa kitu. Mimi naiachia aproni.

Kulikunja shuka la chini lije mbele ni njia halali na ya bei nafuu, ikiwa shuka limezidi sentimita tatu au nne kila upande. Kwa mfarishi wa kutundika ukutani ningekuambia endelea. Lakini pale ukingoni unapata kitambaa cha tabaka moja, na kitambaa chenyewe ndiyo mgongo wa mfarishi. Kikichanika, utabadilisha nini?

Kwako nataka ukanda wa tabaka mbili. Kata kanda za inchi mbili na nusu, yaani kama sentimita 6.5, kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kingo zako zimenyooka, huna haja ya kukata mshazari, yaani kona kwa kona. Ziunge kwa mshono wa mshazari ili maungio yasirundikane mahali pamoja, kunja ukanda katikati kwa urefu wake, upige pasi. Sasa ukingoni una vitambaa viwili badala ya kimoja, na ukichakaa baada ya miaka kadhaa, unaufumua na kuvalisha mwingine, mfarishi wenyewe hujaugusa.

Hesabu yake: kuzunguka pande zote ni sentimita 700, ongeza 30 za kona na maungio. Kitenge cha upana wa sentimita 112, ukitoa kinacholiwa kwenye kuunga, kila ukanda unakupa kama 105. Kanda saba zinatosha. Nusu mita ya kitenge imekumaliza, na nina hakika ndani ya gunia bado imo. Chagua rangi iliyokoza, maana mikono ya bweni tunaijua.

Kumalizia kwa sindano ya mkono kunapendeza sana, ila kwa bweni tumia cherehani. Anza kushona ukanda upande wa nyuma, kisha uugeuze uje mbele, umalizie mbele ukiuona mshono wako. Weka sindano namba 16 na urefushe mshono kidogo.

Kona ndiyo inayowatoa watu jasho. Unashona kwa robo inchi kutoka ukingoni. Ikibaki robo inchi kufika mwisho, simama, rudisha mishono miwili mitatu, kata uzi. Ukunje ukanda uelekee juu, mbali nawe, utaona mkunjo wa mshazari umejitengeneza pale konani. Ushikilie hapo kwa kidole, kisha uushushe ukanda ufuate upande wa pili, mkunjo wa juu ulingane sawasawa na ukingo uliotoka kuushona. Anza tena kushona kutoka juu kabisa. Ukigeuza upande wa pili, kona inakaa yenyewe bila kulazimishwa.

SWALI: Shangazi, mfarishi wangu ulikuwa umenyooka, lakini nilipomaliza pindo kingo zinachezacheza, haulali kitandani. Pasi nimeipiga hadi nimechoka.
– Msomaji wa Mombasa

JIBU: Pasi haitaponya hiyo. Ama ukanda ulikuwa mrefu kuliko mfarishi, ama ukingo ulivutika ukiwa chini ya cherehani. Meno ya chini yanavuta kitambaa, mguu wa juu unasukuma, na pamba ya katikati inazidisha.

Fumua. Pima mfarishi kwa kupitia katikati, usipime ukingoni, kwani ukingo ulishavutika. Huo ndio urefu wa kuufuata: pima ukanda kwa urefu huo, ubane kwa pini kuanzia kona na katikati, kisha ule ukingo uliolegea uugawe taratibu kati ya pini. Kabla ya hapo piga mshono mmoja karibu kabisa na ukingo, kuzunguka kote, ili usivutike tena. Na kona ulizikagua? Huna haja ya rula ya bei mbaya, kigae cha sakafuni kinakupa kona ya mraba bila kukosea.

SWALI: Namshonea mjukuu mfarishi mdogo, kingo nimezikata za mviringo mviringo kama petali. Nimeweka doti moja ya khanga nyekundu, pindo lake zuri mno, nataka ndilo liwe pindo la mfarishi. Itawezekana?
– Bibi wa Unguja

JIBU: Shikamoo bibi. Hilo halitakubali. Pindo la khanga ukilikata kwa urefu wake linafuata uzi, na kitambaa kinachofuata uzi hakipindi. Kwenye kila petali litajikusanya mikunjo. Kingo hizo zinadai ukanda uliokatwa mshazari.

Basi pindo la khanga litumie ndani, liwe fremu ya kuzunguka mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, na ukingoni uvalishe pamba ya rangi moja. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 ukikikata mshazari kinatoa kama mita tano. Kwenye bonde kati ya petali na petali, chanja ukingo wa mfarishi kidogo, usifikie mshono, kisha acha sindano ikiwa chini ndipo ugeuze. Khanga nyekundu ioshe peke yake mpaka maji yatoke meupe, ndipo ukate. Chumvi, bibi, ibakize jikoni, haishiki rangi ya kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani.